Dazani Mbili Juu ya Jiwe

Maji ya bomba hupanda kwetu Mabatini
Jumanne usiku na Ijumaa alfajiri.
Mengine huchokea njiani.
Nimejifunza kuyasikia yakikohoa ndani ya bomba
kabla hayajatoka.
Naamka, nakinga: ndoo, diaba, sufuria la sherehe,
hata beseni lililotoboka, nimeliziba kwa nta ya mshumaa.

Nepi ni dazani mbili.
Zilikuwa nyeupe; sasa zina rangi ya maziwa yaliyoshika chini.
Nilizinunua zamu yangu ya mchezo ilipofika,
na wifi yangu Nyanzala alicheka mpaka akashika ukuta:
"Mama Lushinge! Pampasi zinauzwa mojamoja kwa Bwire,
wewe unatafuta kazi usiyolipwa?"

Sikumjibu.
Yeye anauza mitumba. Mimi ni kibarua wa usafi,
nazoa mtaro wa Mirongo, buti za mpira hadi magotini.
Ikinyesha huko juu, Mirongo hautunzi siri:
chupa, ndala ya mguu mmoja, maganda ya nanasi,
na pampasi, zimevimba kama mikate iliyolowa,
kila moja nzito kuliko mtoto aliyeivaa.
Koleo linazama, linaibuka na utelezi
unaong'aa kama mayai ya chura.

Hakuna anayezichoma.
Ukichoma, wanasema, matako ya mwanao yatababuka.
Basi zinatupwa usiku, mfuko mweusi,
na mkono uliotupa haujulikani.
Ziwa nalo, nani anahofia litababuka?

Siku moja niliinua yenye picha ya tembo wa bluu.
Aina ileile niliyomfunga Lushinge wiki iliyopita.
Sisemi ilikuwa yangu; zote zinafanana.
Lakini nilisimama pale, koleo mkononi,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kamili
mbele ya kadamnasi.

Usidhani nimekuwa malaika.
Masika hii, siku tatu jua halikutoka.
Nilitandaza kamba juu ya kitanda,
mume wangu akawa anaingia ameinama
kama anayeokota mayai bandani.
Nilizipiga pasi ya mkaa mojamoja,
chumba kikanuka moshi, sabuni ya mche na mkojo,
nikalia kidogo, halafu nikageuza upande wa pili.

Na tulipokwenda msibani Ukerewe
nilinunua pampasi nne kwa Bwire, kimyakimya.
Nilirudi nazo zote nne mfukoni, zimetumika,
nimezivusha ziwa zima
kwa sababu sikuona pa kuziacha.

Leo jua limetoka.
Nimezipanda nazo hadi kwenye jiwe lile kubwa
nyuma ya choo cha kina Magesa,
nimezianika moja baada ya nyingine,
kila pembe na kokoto lake, upepo wa ziwa usizichukue.
Mijusi wenye vichwa vya zambarau
wamehamia jiwe la jirani, wananitazama wakipiga pushapu.
Chini, mabati. Chini zaidi, maji,
na ukiyaona kutoka huku utaapa ni safi.

Nyanzala amepanda taratibu, mkono kiunoni.
Mimba yake ina miezi saba.
Ameketi. Amehema.
Ameishika nepi moja, kavu, ngumu kama chapati ya jana,
ameivunjavunja kwa vidole mpaka ikalainika,
akaiweka shavuni.
"Ndogo zaidi unazo?"
"Unaikunja mara tatu. Nitakuonyesha."

Hakusema anachukua, hakusema hachukui.
Upepo uliinua pembe ya nepi iliyo karibu naye;
akaokota kokoto, akaikandamiza.

Ijumaa, bomba likikohoa,
nitamgongea dirisha.